Albamu za Black Sabbath: je, enzi ya Ozzy na enzi ya Dio ziingie katika orodha moja?

Mzee wa Besi

Ndugu wanajamvi, tangu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa bendi ya metali ya Black Sabbath, afariki tarehe 22 Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuimba kwa mara ya mwisho na wenzake wa awali katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, nimekuwa nikizirudia albamu za bendi hiyo kwa mfuatano wa miaka, na sasa ninajaribu kuzipanga kwa ubora. Juu kabisa nimeiweka Master of Reality (1971), ikifuatwa na Paranoid (1970), Sabbath Bloody Sabbath (1973), Vol. 4 (1972), kisha ile ya kwanza yenye jina la bendi, ambayo walirekodi sehemu kubwa yake kwa siku moja tu.

Najua wengi hutanguliza Paranoid. Mimi naitanguliza Master of Reality kwa sababu ya sauti yake. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika ajali ya kiwandani akiwa kijana, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Katika nyimbo kadhaa za albamu hiyo alizilegeza nyuzi kwa toni moja na nusu ili zibanike kwa urahisi, naye Geezer Butler akalegeza za besi zimfuate, na hapo ukapatikana uzito ambao bendi za metali zinauiga hadi leo.

Kinachonitatiza ni Heaven and Hell (1980), aliyoimba Ronnie James Dio. Naipenda mno, lakini kila nikiiweka baina ya albamu za Ozzy naona kama ninapima vitu viwili visivyolingana. Nyinyi mnafanyaje?

Mpiga Dramu wa Zamani

Mleta mada, mimi naziweka pamoja, kwa kuwa Iommi ndiye mwanachama pekee aliyemo katika albamu zote, na Sabbath bila gitaa lake haipo. Hata hivyo, wasiwasi wako una msingi, maana kilichobadilika mwaka 1980 si koo la mwimbaji peke yake. Ozzy mara nyingi aliufuata mwendo wa gitaa. Sikiliza Iron Man, ambamo sauti yake na gitaa vinatembea njia moja hatua kwa hatua. Dio aliimba kwa njia yake, tofauti na ya gitaa, hivyo Iommi akalazimika kumwachia nafasi. Isitoshe, mashairi ya enzi ya Ozzy mengi yaliandikwa na Butler, juu ya vita, dawa za kulevya na hofu ya silaha za nyuklia, ilhali Dio alijiandikia mwenyewe na alipenda visa vya kufikirika.

Mimi naipa Heaven and Hell nafasi ya tatu. Mob Rules (1981) naishusha mbali zaidi, ingawa mtayarishaji ni yule yule Martin Birch, kwa sababu Bill Ward, mpiga dramu wa awali, hayumo. Vinny Appice anapiga kwa nguvu na kwa unyoofu; Ward alilelewa na muziki wa jazi, na dramu zake huyumba kidogo nyuma ya gitaa kama mtu anayetembea bila haraka. Anayedhani kwamba hilo ni jambo dogo na aisikilize ile albamu ya kwanza akizingatia dramu tu.

Binti wa Sabotage

Nimeusoma uzi huu mara mbili nikiitafuta Sabotage (1975) bila kuiona! Waliirekodi huku wakiwa na kesi na meneja wao wa zamani, na hasira hiyo imo waziwazi hadi katika wimbo wa mwisho. Ozzy hajawahi kuimba kwa ukali na kwa upana kama hapo. Kwangu ndiyo ya kwanza. Technical Ecstasy na Never Say Die! ziwekeni mkiani, hazihitaji mjadala.

Msikilizaji wa Usiku

Naomba kutofautiana na ndugu Mpiga Dramu kuhusu orodha moja. Iommi, Butler, Dio na Appice walipokutana tena mwaka 2006 hawakujiita Black Sabbath; walijiita Heaven & Hell, na albamu yao ya mwaka 2009 ilitoka kwa jina hilo. Ikiwa wenyewe waliona haja ya kutenganisha, sioni kwa nini sisi tulazimishe.

Pia msimsahau Tony Martin, mwimbaji wa baadaye wa bendi. Albamu zake kadhaa zilikuwa adimu kwa miaka mingi hadi zilipotolewa upya mwaka 2024, kwa hiyo orodha nyingi za zamani zilimhukumu bila kumsikiliza. Headless Cross (1989) inaizidi Born Again (1983) aliyoimba Ian Gillan bila shaka yoyote.

Mzee wa Besi

Nawashukuru nyote. Sabotage naiingiza katika nafasi ya nne, dada, lakini ya kwanza hapana: ina nyimbo ndefu zinazobadilika mno, na mimi nataka gitaa likae mahali pamoja hadi linikolee. Heaven and Hell nitaiongozesha orodha yake ya pili, pamoja na Mob Rules na Headless Cross. Imebaki 13 (2013). Ozzy, Iommi na Butler wamo, lakini kwenye dramu yupo Brad Wilk badala ya Ward. Ndugu Mpiga Dramu, hiyo unaihesabu kuwa ya enzi ipi?