Naomba ushauri: chapati inaombewa baraka ipi?

Shalom ndugu zangu. Niliingia dini ya Kiyahudi ukubwani, naishi Nairobi, na naogopa sana kukosea baraka za chakula.

Ugali haunisumbui. Mahindi hayamo katika zile nafaka tano zenye baraka zake maalumu, kama ngano na shayiri, basi nasema Shehakol, baraka ya jumla, na nikimaliza kula, Bore Nefashot, baraka fupi ya baada ya kula. Ndizi nayo nilifundishwa ni Bore Peri Ha'adama, baraka ya mazao ya ardhi, si ile ya matunda ya mti, kwa kuwa mgomba si mti. Ukishazaa mkungu wake shina hufa.

Ninapokwama ni chapati. Ni unga wa ngano, na donge lake ni zito kama la mkate, lakini nalikanda kwa mafuta na kulipika kwenye kikaango kwa mafuta tena. Nimeuliza wawili, kila mmoja akanijibu lake. Kwa sasa naanza na kipande cha mkate wa kawaida, maana baraka ya mkate hubeba mlo wote, ili nitoke kwenye shaka, ila mkate haupatikani kwangu kila siku.

Je, ninawe mikono na kusema Hamotzi, baraka ya mkate, au ni Mezonot, baraka ya vyakula vingine vya nafaka hizo, kama keki? Na nikila chapati mbili na maharage nikashiba, ndicho chakula changu cha usiku, inanipasa Birkat Hamazon nzima, ile shukrani ndefu ya baada ya mlo wa mkate?