Kompyuta ya mezani inachemka, feni nizifunge wapi?

kijana_wa_isevya
Wakuu habari za mchana. Niko Tabora, naediti video za harusi na send-off, na huu mwezi wa kumi joto la huku mnalijua. Nikianza kurenda tu (kutoa video iliyokamilika) mashine inaunguruma, prosesa inafika digrii 95 halafu inapunguza spidi yenyewe, kazi ya lisaa inakula masaa mawili. Kesi (boksi la mashine) ina feni moja ya nyuma, mbele ni kioo. Kuna fundi kaniambia nifunge feni juu zitoe nje zote maana joto linapanda. Hela yangu ni ya feni mbili tu. Nifanyeje?

mzee_wa_pasi
Mbele mkuu, zote mbili ziingize, ya nyuma iache itoe. Joto kupanda ni kweli ila feni ikishazunguka ina nguvu kuliko huko kupanda, so hilo lisikusumbue. Ukiweka za kutoa tupu kesi itavuta hewa popote penye upenyo, kwenye nafasi za kadi huko nyuma, kwenye maungio ya mfuniko, na vumbi la kiangazi linapita humo humo. Zinazoingiza zikizidi zinazotoa, hewa nyingi inapita mbele na mbele ndo unaweka chujio.

mamaT_kigoma
Msimwambie anunue kabla hajapima jamani. Kaka toa mfuniko wa pembeni, renda dakika kumi na tano, uangalie joto. Likishuka sana, hewa ilikuwa haipiti. Likibaki pale pale basi pesti ya kupitisha joto ya prosesa imekauka au hitisinki, kile chuma cha kupoza juu yake, imeziba vumbi, hapo hata ufunge feni sita ni kazi bure. Na ujue feni haiwezi kupoza chini ya joto la chumba, chumba kikiwa digrii 32 ndo hiyo hiyo inayoingia.

kijana_wa_isevya
Nimetoa mfuniko, imetoka 95 hadi 81. Asante dada. Sasa ninunue za mm 120 au 140? Na madabodi (bodi kuu ya mashine) ina sehemu moja tu iliyobaki ya kuchomeka feni.

mzee_wa_pasi
Basi ni hewa. Hicho kioo angalia pembeni kina upenyo wa kutosha, kama kimebana kabisa kitoe, urembo haurendi video 😂. 140 inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache so kelele inapungua, ila pima kwanza, matundu ya skrubu ya 120 yameachana mm 105 na ya 140 ni mm 124.5. Chukua za pini nne, zile madabodi inazoziongoza spidi, kama inazikubali, halafu waya wa kugawa mbili. Soma ampia kwenye stika ya feni, sehemu nyingi za madabodi mwisho ni ampia 1, feni mbili za kawaida hazifiki huko. Upande wenye stika na vile vyuma vya kushikilia mota ndo hewa inakotokea, kama huamini shika kipande cha tishu mbele yake.

kijana_wa_isevya
Na chujio nitumie chandarua?

mamaT_kigoma
Matundu makubwa hayo, yanazuia mbu sio vumbi. Kata soksi ndefu ya nailoni, ivute vizuri iwe safu moja, uwe unaifua kila vumbi likijaa. Nunua mpya lakini, za shemeji usiguse.