Ramen ya Njiro, Mchina wa mjini au nyama choma? Jumamosi namtoa Mama

KijanaWaSakina
Salaam wakuu. Mama anatimiza miaka 60 Jumamosi hii, nataka kumtoa chakula cha jioni. Nimebakiwa na sehemu tatu: ule mgahawa mpya wa Kijapani wa ramen (tambi ndani ya supu) uliofunguliwa Njiro hapa Arusha, Mchina wa mjini tuliyemzoea, au nyama choma kama siku zote. Mwenzangu mmoja kafika kwa Mjapani, kasifu supu sana. Kesho mchana natakiwa kupiga simu kuweka meza. Nishaurini.

MamaNgarenaro
Hongera kwa kumkumbuka mzazi. Lakini hujasema mko wangapi, una bajeti gani, wala kama kuna asiyekula nguruwe. Hilo la mwisho kwa ramen ndilo la kwanza kuuliza.

Mkibosho
Nyama choma. Mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari, pilipili pembeni, watu wanakula huku wanaongea. Mama wa miaka 60 usimkabidhi vijiti ahangaike navyo mbele za watu siku yake.

BakuliMoto
Nimeshakula pale mara mbili. Supu yao kubwa ni tonkotsu: mifupa ya nguruwe inatokota kwa moto mkali saa nyingi mpaka mafuta na uboho vinachanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Hiyo asili yake ni Fukuoka. Kuna ya shoyu, yaani ya soya sosi, nyepesi na ya kahawia. Kuna ya miso, ile soya iliyochachushwa, ambayo Sapporo ndiko ilikopatia jina. Juu wanaweka nyama laini, yai ambalo kiini hakijaganda, kitunguu cha majani na karatasi ya mwani mkavu. Nililipa elfu 28 bakuli, na kila mtu bakuli lake. Uma ukiomba unaletewa, kwa hiyo suala la vijiti lisimzuie mama.

Fundi_Unga
Elfu 28 kwa tambi? Zile za pakiti dukani unachemsha mwenyewe dakika tatu.

BakuliMoto
Fundi, hizo ni kitu kingine. Za pakiti alizileta sokoni Momofuku Ando mwaka 1958, zinakaushwa kwa kukaangwa kwenye mafuta. Hapa unalipia mifupa iliyokaa jikoni tangu alfajiri. Wewe mtu wa makongoro, unajua supu ya dakika tatu na supu ya usiku kucha hazifanani.

DadaRau
Naomba nieleze yaliyotupata, kwa sababu naona mtoa mada hajagusa kabisa suala la nguruwe.

Mwaka juzi tulikuwa Dar es Salaam kwa kaka yangu. Nikasema leo nawatoa mimi, nikachagua sehemu ya ramen, jina sitalitaja. Wifi yangu ni Muislamu. Nikamuuliza mhudumu, hii ya kuku ina nguruwe? Akajibu, dada, hii ni kuku. Wifi akaagiza kwa amani. Bakuli likaja, kuku anaonekana juu, harufu nzuri, akala karibu nusu. Mpishi akapita mezani kutusalimia. Kaka akaisifu supu, mpishi akafurahi, akaeleza kwamba siri yake ni kuchanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe.

Wifi aliweka kijiko mezani. Hakusema neno. Akainuka akatoka nje, kaka akamfuata, tukabaki na watoto na mabakuli sita ambayo hakuna aliyeyagusa tena. Mhudumu hakudanganya kwa makusudi, naamini hivyo mpaka leo. Alijibu kuhusu nyama, mimi nilikuwa nauliza kuhusu supu. Lakini mahali nilichagua mimi. Nilikwenda kumwomba wifi radhi asubuhi yake, na ilichukua muda kabla hajakubali tena kula nje nami.

Kwa hiyo mdogo wangu, usimuulize mhudumu. Omba kuongea na mpishi: mifupa gani sufuriani, mafuta gani yanamwagiwa juu, na kama anatumia mirin. Ile ni pombe tamu ya mchele, na kwenye mchanganyiko wa soya sosi huwa inaingia sana.

MamaNgarenaro
Pole sana DadaRau. Mtoa mada, umeona?

KijanaWaSakina
Nimeona, na nimeshtuka. Tuko saba. Shemeji yangu na mwanawe hawali nguruwe. Bajeti laki mbili. Mama ni wa Machame, anapenda supu kuliko nyama, ndiyo maana nikawaza ramen.

Fundi_Unga
Saba mara 28 ni laki na tisini na sita elfu. Soda je? Na usafiri wa kurudi Sakina usiku?

Mkibosho
Mtu wa Machame anayependa supu mpe mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Umemaliza.

BakuliMoto
Kuna kitu mwambie mapema: kwenye menyu ataona neno "tori". Kwa Kijapani ni kuku. Mama wa Machame anaweza kuagiza akitegemea ndizi.

MpishiKijenge
Mimi nipo jikoni miaka mingi. Kinachofanya tambi zile ziwe za njano kidogo na zivutike ni maji ya chumvichumvi kama magadi yetu, wao wanaita kansui. Unga ni wa ngano tu.

Fundi_Unga
Magadi yanalainisha. Kila mama anayepika makande anajua.

MpishiKijenge
Maharage yanalainika, ngano inakaza. Kanda donge mbili, moja weka magadi kiduchu yaliyochujwa, vuta zote mbili, utaona mwenyewe. Na ndiyo maana ramen haibebwi nyumbani. Ikikaa kwenye supu dakika kumi imevimba, imeharibika. Anayetaka kumbebea bibi Machame asithubutu.

MamaNgarenaro
Nasikia kule wanavuta tambi kwa sauti. Kwetu mtoto angekatazwa.

BakuliMoto
Kwao si utovu wa adabu. Tambi ni za moto sana, ukivuta na hewa zinapoa na harufu inapanda.

KijanaWaSakina
Nimepiga simu, nimeongea na mpishi mwenyewe kama DadaRau alivyosema. Sufuria ya kuku iko peke yake, haina mfupa wa nguruwe. Ila mirin iko kwenye zote isipokuwa ile ya chumvi, na kisu cha nyama ni kimoja. Nimempelekea shemeji ujumbe, bado hajajibu. Kaka naye sasa anataka kwa Mchina. Meza sijaweka.

DadaRau
Subiri jibu la shemeji. Usimwamulie.

Mkibosho
Mkishindwa, mtori mpikieni nyumbani. Lakini ndizi ziwe mshare, msiniwekee aina nyingine.

MpishiKijenge
Mshare ndiyo, na nyama ya mfupa, siagi mwishoni. Tatizo sokoni Kilombero siku hizi nakuta imeshaanza kuiva.

Mkibosho
Pita Moshi, soko la Mbuyuni, asubuhi mapema.

Fundi_Unga
Mkungu mmoja unatosha watu saba, au anunue miwili?