Mjadala: Monita ya ofisini izimwe kila ukiinuka, iachwe ilale, au ichomolewe kabisa?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Ofisini kwetu kumebandikwa tangazo: kila anayeinuka kwenye kiti azime monita, hata kama anakwenda msalani, na atakayekutwa hajazima ajieleze kwa maandishi. Sababu ni bili ya umeme. Naona tangazo limepiga pembeni. Naweka hesabu zangu hapa, anayepinga naye alete zake.

Monita ya inchi 22 au 24 yenye taa za LED inakula kama wati 20 hadi 30 ikiwaka. Tuchukue 25. Wiki ina saa 168, sisi tunafanya kazi saa 45, zinabaki 123. Ikiachwa inawaka saa zote hizo, kwa mwezi ni uniti 13 na ushee. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na makato, ni kama shilingi 3,900. Zidisha kwa monita 30: laki moja na zaidi kila mwezi kwa kuvimulikia viti vitupu. Hapo simtetei mtu.

Ila monita iliyolala, ile yenye kioo cheusi na kitaa cha njano, inakula nusu wati hivi. Ulaya walishaliwekea hilo kanuni: tangu 2013 vifaa vingi vya nyumbani na ofisini havitakiwi kuzidi nusu wati vikiwa vimezimwa kwa kitufe au vimelala. Kwa saa zilezile 123 za wiki, mwezi mzima hautoi hata theluthi ya uniti. Shilingi 80 hivi. Na ukibonyeza kitufe hupati nafuu ya maana, kwa sababu umeme bado unaingia ndani ya monita.

Sasa hizo dakika 5 za msalani hazifikishi hata shilingi moja, halafu mtu aandike barua? Kompyuta zipangwe mara moja tu, kioo kilale baada ya dakika 5, yaishe. Na zile picha zinazoelea kwenye skrini ziondolewe. Samaki wakiogelea humo, taa za nyuma zinawaka vilevile.

Fundi wa kona
Mkuu, kwenye bili sina neno. Ila monita nyingi ninazoletewa hazikufa kwa uzee, zilikufa umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Unafungua unakuta kapasita imevimba au fyuzi ya bodi ya pawa imekwenda. Iliyolala na iliyozimwa kwa kitufe zote ziko kwenye laini, zote zinapigwa. Kwa hiyo nauli ya kuja kwangu ni kubwa kuliko hizo shilingi 80.

Ushauri wangu: ukifunga ofisi Ijumaa, chomoa plagi. Sisi tulio jirani na Ziwa Victoria radi tunaijua. Swichi ya ukutani kwa kawaida inakata waya mmoja tu, radi haijali hilo. Na ule waya wa intaneti nao uchomoe, watu huusahau.

Mzee wa chogo
Bosi wenu nadhani alianza kazi enzi za monita za chogo. Zile zilikuwa zinakula wati 60, 80, hata 100, na picha ikikaa sana inajichora kwenye kioo moja kwa moja. Ndiyo maana picha za kuelea zilibuniwa. Marekani walipoanzisha nembo ya Energy Star mwaka 1992, ya kutambulisha vifaa visivyokula umeme mwingi, walianza na kompyuta na monita. Kwa hiyo amri ya "zima ukiinuka" ilikuwa na akili yake.

Na kuna kundi la pili linalosema kuzima na kuwasha kunaua taa. Nalo limebaki nyuma. Zile taa za mirija zilizotangulia LED zilichoka kweli kwa kuwashwa mara nyingi. LED haina shida hiyo.

Dada wa masijala
Mnaongelea wati tu. Kwetu mtu anabonyeza kitufe cha monita, anachukua pochi, anaaga "nimeshazima kompyuta". Sipiyu inaunguruma chini ya meza usiku kucha, na hiyo inaweza kula kuliko monita yenyewe! Asubuhi mfanya usafi akigusa kitufe, mishahara ya watu hiyo hapo. Fungeni skrini kwa nywila kwanza, habari za kitufe baadaye.

Mwalimu wa maabara
Mleta mada, nusu wati unaidharau kwa sababu uko kwenye gridi. Shule yetu inatumia sola na betri. Monita 20 zikilala saa 15, ni wati-saa 150 zimetoka kwenye betri, umeme ambao ungewasha monita moja saa 6. Sisi tunakata kwenye swichi kuu, inveta nayo inazimwa. Na wanafunzi wanazoea kutoacha kitu kinawaka, jambo ambalo hujalitia kwenye hesabu yako.

Mleta mada
Mwalimu, kwenye sola nakubali bila kubisha, na fundi kanishawishi kuhusu plagi ya Ijumaa. Dada, hilo la sipiyu nitalipeleka kikaoni kesho, maana tangazo letu halikuitaja kabisa.

Hilo la mazoea sijashawishika. Chumba cha mikutano kina AC ya 1.5 HP inayoachwa inaunguruma mchana wote hamna mtu. Ikifanya kazi inavuta kama kilowati moja, na monita zetu 30 zikiwaka zote kwa pamoja hazifiki hapo. Ufunguo wa chumba hicho anao aliyesaini tangazo. Nani anamwandikisha barua ya kujieleza?