MJADALA: Je, jina la Deadric Malone liendelee kusomeka kwenye albamu ya Bobby Bland?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikiirudia albamu ambayo kwetu haitajwi kabisa, na hata huko Marekani ilikotoka hutajwa zaidi na mafundi wa muziki kuliko wasikilizaji wa kawaida. Ni *Two Steps from the Blues* ya Bobby "Blue" Bland, iliyotolewa mwaka 1961 na kampuni ya Duke ya Houston, Texas. Huku kwetu neno bluzi limebaki na maana ya wimbo wa taratibu wa kuwachezesha wapenzi usiku ukishakuwa mkubwa, lakini katika nyimbo hizi 12 unaisikia bluzi yenyewe ikibadilika kuwa soul, muziki wa Wamarekani Weusi wenye ladha ya nyimbo za kanisani. Sikilizeni "Lead Me On": filimbi inatangulia, ala za nyuzi zinaisindikiza, kisha Bland anaingia kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani usiku asitake kuwaamsha watoto. Halafu sikilizeni "I Pity the Fool", ambamo anaanza kwa upole uleule, lakini tarumbeta zinampandisha ngazi hadi ngazi mpaka sauti inampasuka kooni. Mpasuko huo mwenyewe alieleza kwamba aliupata kwa kusikiliza mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin wa Detroit, baba yake Aretha Franklin.

Kilichonileta hapa, hata hivyo, si sauti, bali ni maandishi madogo yaliyo ndani ya mabano chini ya majina ya nyimbo. Ukisoma orodha ya watunzi unakutana na Deadric Malone, kisha Deadric Malone tena, na tena, hadi unajiuliza huyu bwana alikuwa akilala saa ngapi. Mtu huyo hakuwapo. Ni jina la kificho la Don Deadric Robey, mmiliki wa Duke, mfanyabiashara aliyekuwa na desturi inayojulikana ya kununua nyimbo kwa watunzi wenye njaa kwa dola chache taslimu, kisha kuzisajili kama zake. Nyuma ya "I Pity the Fool", wimbo uliofika nambari 1 kwenye chati ya R&B (chati ya muziki wa Wamarekani Weusi) mwaka 1961, jina linalotajwa na wengi waliochunguza habari hizi ni la Joe Medwick, mtunzi wa mitaa ya Houston.

Naomba tuelewane kwa nini mabano hayo yana uzito. Tangu mwaka 1909 hadi mwisho wa 1977, sheria ya Marekani iliweka senti 2 kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa, na kwa kawaida nusu ilikuwa ya mchapishaji, yaani kampuni inayosimamia haki za wimbo, na nusu ya mtunzi. Robey alikuwa pia na kampuni ya uchapishaji wa nyimbo, Lion, hivyo alipojiandika mtunzi, fedha ilikuwa inatoka mfuko wake wa kulia na kuingia wa kushoto. Isitoshe, redio za Marekani zinapopiga wimbo hewani humlipa mtunzi na mchapishaji, wala hazimlipi mwimbaji. Maana yake ni kwamba kila Bland alipopigwa redioni, aliyelipwa ni mtu asiyekuwapo.

Hoja yangu basi ni hii: yeyote anayeitoa upya albamu hii leo analazimika kimaadili kuliondoa jina la Malone, kuandika majina ya watunzi wa kweli, na kuzipa familia zao sehemu ya mrabaha. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, heshima yako. Kuhusu muziki sina ubishi hata kidogo, ila hitimisho lako silikubali.

Kwanza, kuuza ni kuuza. Unasema watunzi hao walikuwa na njaa, nami nakubali, lakini mtu mzima aliyeingia ofisini na wimbo akatoka na fedha mkononi alijua alichokuwa akikifanya, na wengine walirudi tena na tena na nyimbo mpya. Robey ndiye aliyelipa studio, wapigaji, uchapaji wa santuri na safari za kuzisambaza, na nyimbo nyingi alizonunua hazikumrudishia kitu. Wala tusimfanye mnyonyaji aliyetoka mbali. Alikuwa Mmarekani Mweusi aliyeanzisha kampuni yake ya Peacock mwaka 1949, miaka kumi kamili kabla ya Motown, kampuni maarufu ya rekodi ya Detroit, wakati ambapo benki hazikuwa na habari na mtu wa rangi yake. Bila yeye tusingekuwa na albamu ya kubishania.

Pili, sheria haiko upande wako, na hili halikuanza leo. Wanachama wawili wa kundi la The Teenagers walidai mahakamani kwamba walishiriki kuutunga wimbo "Why Do Fools Fall in Love" wa 1956, ambao ulikuwa umesajiliwa kwa majina ya mwimbaji wao Frankie Lymon na mwenye kampuni ya rekodi, Morris Levy. Baraza la wazee wa mahakama likawaamini mwaka 1992. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikautengua ushindi huo, si kwa sababu walidanganya, bali kwa sababu madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka mitatu. Ikiwa watu waliokuwa hai, walioshuhudia wenyewe na kuaminiwa na baraza walishindwa, wajukuu watashinda kwa kitu gani?

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: unataka kuandika majina ya watunzi wa kweli, nani anawajua? Unasema "jina linalotajwa na wengi". Hayo ni masimulizi, si ushahidi. Ukiliondoa jina moja lisilo la kweli ukaweka jingine usilo na hakika nalo, umesahihisha nini?

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi nimepuliza tarumbeta katika bendi za dansi tangu ujana, kwa hiyo mniwie radhi nikiuvuta mjadala kidogo upande wangu, kwa sababu naona nyote wawili mnagombania kiti kimoja ilhali walioachwa wima ni watu watatu.

Bland hakuwa mtunzi na hakupiga ala yoyote. Hili limemgharimu zaidi ya tunavyofikiri. Vijana wa Ulaya walipoanza kuitafuta bluzi kwa hamu miaka ya 1960, walikuwa wakimtafuta mzee wa shambani mwenye gitaa kuukuu, na Bland alisimama mbele ya bendi kubwa akiwa amevaa suti iliyopigwa pasi vizuri. Hawakumwona kuwa bluzi ya kweli. Upande wa pili, soko la pop la Marekani nalo halikumfungulia mlango: katika maisha yake yote wimbo wake uliopanda juu zaidi kwenye chati ya pop, mwaka 1964, uliishia nambari 20. Ndiyo maana albamu hii kila kizazi kinaigundua upya kama vile ilipotea jana.

Sasa, sauti mnayoisifu ilijengwa na nani? Na Joe Scott, mpiga tarumbeta aliyezipanga nyimbo hizi na, kwa maelezo ya Bland mwenyewe, kumfundisha namna ya kuziimba. Sikilizeni "I Pity the Fool" mara moja bila kumsikiliza mwimbaji. Tarumbeta hazimfuati nyuma, zinamjibu, na kila jibu liko juu kidogo kuliko lililotangulia, kisha zinanyamaza pale ambapo mpangaji mvivu angezidisha kelele. Halafu msikilizeni Wayne Bennett kwenye gitaa, asivyoligusa neno la mwimbaji hata mara moja. Kwa sheria, kazi yote hiyo si utunzi. Mtunzi ni mwenye maneno na mwenye melodia, na aliyeyapa maneno hayo mwili hulipwa ujira wa siku akaenda zake. Kwa hiyo hata tukimpata Medwick na kumwandika kwa wino wa dhahabu, bado orodha itakuwa na upungufu.

Wala tusijifanye jambo hili ni la Houston peke yake. Ugomvi wa nani alitunga "Malaika", Fadhili William au Adam Salim, umedumu zaidi ya nusu karne, na sijaona kijitabu cha albamu kilichoumaliza.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze kitu kimoja kutoka ndani ya albamu hiyohiyo, kwa kuwa ndugu yangu wa kwanza anasema majina hayana faida tena baada ya miaka mingi.

"I'll Take Care of You" haina jina la Malone. Ina jina la Brook Benton, ambaye tayari alikuwa nyota na hakuwa mtu wa kunyang'anywa wimbo kwa dola chache. Miaka hamsini ikapita. Mwaka 2010 mwimbaji Gil Scott-Heron akauimba upya, mtayarishaji wa muziki Jamie xx akalifanyia kazi toleo hilo, na mwaka 2011 rapa Drake akalitumia kwenye wimbo wake aliomshirikisha Rihanna, wimbo ambao naamini hata wasiomjua Bland wameucheza. Benton alifariki mwaka 1988, lakini jina lake limo kati ya watunzi wa wimbo huo wa Drake. Hivyo ndivyo mabano yanavyofanya kazi mtu akiwa kaburini. Laiti Drake angechota kwenye "Lead Me On", hela hiyo ingefuata jina la Malone.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Dada yangu, mchangiaji wa tatu, amenisaidia kusema nilichoshindwa, na Mzee wetu wa tarumbeta amenionyesha kwamba swali langu lilikuwa jembamba kuliko muziki wenyewe.

Kwa ndugu yangu wa kwanza, narudi nyuma hatua moja, lakini si mbili. Nakubali kwamba siwezi kuthibitisha mtunzi wa kila wimbo, na nilikosea kudai majina yaandikwe kana kwamba yako wazi. Suala la kuuza kwa hiari, hata hivyo, halinishawishi. Charles Farley, aliyeandika wasifu wa Bland, anaeleza kwamba Bland aliporudi kutoka jeshini mwaka 1954, Robey alimpa mkataba mpya ambao hakuweza kuusoma, akamsaidia kuandika jina lake juu yake, na mkataba huo ulimpa nusu senti kwa kila santuri, yaani robo ya kiwango cha kawaida. Mtu anayemshika mkono asiyejua kusoma ili atie saini anafahamu vizuri nani anafaidika na wino.

Kuhusu mahakama, nakubali mlango umefungwa. Lakini angalieni umefungwa mpaka lini. Nyimbo zilizosajiliwa mwaka 1961 na usajili wake kuhuishwa zinalindwa kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2056, na sheria ya mwaka 2018 imezilinda rekodi za kipindi hicho hadi Februari 2067. Kwa hiyo ukomo wa mwenye kudai ni miaka mitatu, na ukomo wa mwenye kukusanya ni karibu karne nzima. Sisemi sheria ibadilishwe kwa sababu yangu. Nasema kampuni inayoitoa albamu upya inaandika kijitabu chake kwa hiari, na hakuna sheria inayoikataza kuweka sentensi moja tu: "Deadric Malone ni jina alilotumia Don Robey, mmiliki wa kampuni, kwa nyimbo ambazo baadhi alizinunua kwa watunzi wengine." Nikiwa hapo, ningeweka na jina la Joe Scott kwa herufi kubwa kama za Bland.

Mchangiaji wa kwanza

Sentensi hiyo naikubali, kwa sababu ni ya kweli na haimpi mtu asichothibitisha. Ila mkataba wa Bland ni wa mwimbaji, si wa mtunzi, tusiuchanganye na wa Medwick. Na suala la fedha bado nalikataa: Robey aliuza kampuni zake kwa kampuni kubwa ya rekodi ya ABC mwaka 1973, akafariki mwaka 1975, na waliozinunua baada yake walilipia makaratasi kama walivyoyakuta.

Mleta mada

Sawa, la fedha tuliache wazi, wengine waendelee nalo. Lakini usiseme hakuna wimbo tunaoujua mtunzi wake. Ule uliotoa jina la albamu unajulikana Houston nzima kuwa ni wa Texas Johnny Brown, mpiga gitaa, naye alibahatika kuandikwa, ingawa ilimbidi akae kwenye mabano pamoja na Malone. Bland alifariki tarehe 23 Juni 2013. Brown alimfuata tarehe 1 Julai, siku nane baadaye, na hadi siku hiyo nusu ya wimbo wake ilikuwa bado imeandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.