Naomba ushauri: vitabu gani nibebe likizo ya Desemba?

Wakuu, habari zenu. Nipo Moshi mjini, na Desemba napanda Rombo kwa wazee hadi mwaka mpya. Kule mtandao unasumbua, kwa hiyo nataka vitabu vya karatasi, vinne hivi, visivyofanana.

Shida ni kwamba nikichagua mwenyewe, vyote vinaishia kuwa riwaya za huzuni. Nimeshaweka kando Kuli ya Adam Shafi, ile ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, pamoja na Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Zote mbili enzi za ukoloni! Na ndugu wakishajaa nyumbani na mbege imeanza kuzunguka, sidhani kama nitaweza kitu kizito hivyo.

Maduka niliyopita hapa mjini yana vya shule na vya dini tu, na vya mtumba vingi ni vya Kiingereza.

Naomba mnisaidie: kitabu gani cha Kiswahili cha kuchekesha au cha upelelezi mmekisoma mkakipenda? Na duka gani, Moshi au hata Arusha, lina hadithi fupi au mashairi ya miaka ya karibuni? Bajeti ni elfu hamsini.