Naomba ushauri: kaboni ya mfano wa almasi kama anodi ya diodi za mwanga

Habari zenu wakuu. Utafiti wangu wa uzamili ni wa diodi za ogani zinazotoa mwanga (OLED, zenye tabaka la kemikali za kaboni linalowaka umeme ukipita), zile ambazo Tang na VanSlyke wa Kodak walizieleza mwaka 1987. Anodi, yaani upande chanya wa diodi, iliyozoeleka ni oksidi ya metali za indiamu na bati. Inapitisha mwanga na umeme vizuri, ila indiamu ni adimu, tena huweza kupenya kwenye tabaka la ogani na kuliharibu.

Nimevutiwa na filamu ya kaboni inayofanana na almasi: ngumu, yenye uso nyororo, haishambuliwi ovyo na kemikali. Kikwazo ni ukinzani. Vifungo vya atomi za kaboni vya aina ya almasi (sp3) vikizidi, mwanga unapita lakini umeme unagoma. Vya grafiti (sp2) vikizidi, umeme unapita na filamu inakuwa nyeusi.

Je, niongeze naitrojeni ili filamu yenyewe iwe anodi, au nipake nanomita chache tu juu ya oksidi ya kawaida kama kizuizi cha indiamu? Naegemea njia ya pili, maana umeme utavuka unene mdogo mno badala ya kusambaa kwenye filamu nzima. Mashine niliyo nayo ni ya sputaringi, yaani ayoni za gesi hugonga kipande cha kaboni na atomi zake zikatua kwenye kioo. Mliowahi kupaka kaboni hivyo, mlianza na joto gani la kioo, na naitrojeni kiasi gani ndani ya gesi ya agoni?